Kaimu wa Kipimo cha Mto

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza kazi. Idara ya tahadhari ya mafuriko ni chumba kimoja cha ghorofa ya pili, chenye madirisha mawili, moja halifungi. Tuko wanne. Yupo Mkuu, ambaye huonekana asubuhi kisha akapotea kwenye vikao. Yupo Fundi wa vipimo, ambaye viatu vyake vina tope hata jua likiwaka. Nipo mimi, mwandishi wa programu. Na yupo mama mmoja wa makamo ambaye wote wanamwita Bi Mkaguzi, kwa sababu hakuna mstari wa programu unaotoka humu ndani kabla hajaupitia.

Kazi yenyewe haina maneno mengi. Chini ya daraja kuna kipimo kinachosoma kina cha maji. Programu yetu, iliyoandikwa kwa lugha ya Python, inakiuliza kila dakika tano. Maji yakipita mita tatu, inatuma ujumbe kwenye simu za kaya mia tatu na kumi za mtaa wa bondeni. Nyumba ya mwisho kabisa ya mtaa huo, ile inayopakana na mto, ni ya Shangazi aliyenilea. Sijamwambia mtu hapa, wasije wakadhani nimeingia kwa huruma.

Bi Mkaguzi amenipa kiti kinachoyumba, akaniuliza kama nimewahi kuandika majaribio ya programu. Nikasema nimeandika mengi. Akaomba ayaone, akayatazama, akasema "haya" kwa sauti ya mtu aliyeonja chai isiyo na sukari.

Jumanne, 5 Machi

Jua kali. Kiti bado kinayumba.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimepata somo, na nakiri limenikaa. Nilitaka kujua kwa nini majaribio ya Bi Mkaguzi, elfu moja na mia mbili, yanakwisha kwa sekunde nne, wakati yangu matano yalikuwa yanachukua dakika nzima. Akanieleza kwamba yangu yanakwenda kukiuliza kipimo chenyewe, huko mtoni.

"Sasa ukitaka kujua programu itafanya nini mto ukijaa," akasema, "utakaa usubiri ujae? Na ukitaka kujua kama ujumbe unatumwa, utawakimbiza watu mia tatu na kumi kila unapobadilisha mstari mmoja?"

Kwa hiyo kipimo kinawekewa mtu wa kukishikia nafasi, na kipande kinachotuma ujumbe nacho kinawekewa wake. Kwenye Python huyo mtu anaitwa mock, na chombo cha kumtengeneza kimo humo humo, hakuna cha kupakua. Humu ofisini anaitwa kaimu. Unamwambia kaimu wa kipimo, ukiulizwa kina, jibu mita tatu na nusu. Unaiendesha programu. Kisha unamgeukia kaimu wa ujumbe na kumhoji: umeitwa mara ngapi, na umepewa maneno gani? Akisema mara moja na maneno ndiyo yenyewe, jaribio linakuwa kijani. Akisema mara mbili au sifuri, jekundu. Yote haya bila tone moja la mvua kuanguka. Nilifurahi kama mtoto aliyefunguliwa saa ya ukutani akaona vigurudumu vyake.

Baadaye akanionyesha daftari gumu lenye jalada jeusi. Kila Ijumaa saa nne mtu mmoja anakwenda mtoni kwa miguu na kompyuta begani, anakiuliza kipimo cha kweli maswali yale yale anayoulizwa kaimu, analinganisha majibu, anarudi na kuweka alama ya vema daftarini. Bi Mkaguzi anaita kwenda kumsalimia mwenye kiti, yaani kipimo chenyewe. Mimi niliona ni kupoteza muda, lakini mgeni hapangi kazi.

Ijumaa, 8 Machi

Tumekwenda mtoni pamoja. Anachechemea, goti la kulia limemchosha, ila hapunguzi mwendo. Kwenye nguzo ya daraja kuna namba zilizopakwa kwa rangi nyeupe. Alisoma ya kwenye nguzo, akampa kaimu namba hiyo, kisha akawauliza kipimo na kaimu swali lile lile. Moja nukta mbili, zote tatu. Akatabasamu utadhani amepata habari mpya.

Tulipomaliza aliniambia nitangulie, ana mtu wa kumjulia hali huku bondeni.

Jumatano, 13 Machi

Siku ya aibu. Nilikuwa naandika jaribio la kutuma ujumbe. Nikaweka kaimu kwenye faili la ujumbe, pale kilipoandikwa kile kipande cha kutuma, nikaendesha tena na tena maana kaimu alikuwa anadai hajawahi kuitwa na mtu. Wakati huo Bi Mkaguzi alikuwa kwenye kikao na Mkuu na wageni. Simu yake ikalia. Ikalia tena. Kila ikilia ilikuwa inasema: MAJI YANAPANDA, HAMIENI JUU. Mara arobaini na moja.

Kumbe kwenye majaribio orodha ya namba ina namba moja tu, ya kwake. Aliiweka makusudi miaka mingi iliyopita, ili siku mtu akikosea, wa kusumbuliwa awe yeye na si watu wa bondeni.

Alirudi mezani, akavuta kiti, akauliza nimemweka wapi kaimu. Nikamwonyesha. Akanieleza kwamba faili la tahadhari lilishakwenda kumchukua yule mtumaji wa kweli na kumweka kwake tangu lilipofunguliwa. "Wewe umebadilisha mlinzi nyumbani kwao," akasema, "wakati mwenyewe yuko kazini. Kambadilishe langoni." Yaani kaimu awekwe pale kitu kinapotumiwa, si pale kilipozaliwa. Nikabadilisha neno moja. Kijani, na simu ikanyamaza.

Sikusikia neno la lawama. Nimekaa na watu wengi wajuzi, wengi wao ujuzi wao unauma. Wa huyu hauumi.

Jumapili, 17 Machi

Nimekwenda kwa Shangazi. Yuko na cherehani yake mbele ya dirisha, na lile sanamu la kupimia nguo lisilo na kichwa limesimama pembeni. Alikuwa analifunga matambara kiunoni na pini mdomoni. Nikamuuliza linaumwa nini. Akasema mteja amenenepa, na sanamu halijanenepa, kwa hiyo analinenepesha. "Nguo ikikaa vizuri kwenye sanamu jembamba, mwenyewe akiinama inachanika mbele za watu. Mimi nimpime mwenyewe kwanza, halafu sanamu ndio lifanane naye."

Simu yake anaiweka ndani ya kikombe cha bati ili mlio uwe mkubwa, maana cherehani inapiga kelele na masikio yake si yale ya zamani. Nikamwambia ujumbe wa mto sasa hivi unapita mikononi mwangu. Akasema, "Basi nitalala," akaendelea na pini zake.

Wakati naondoka akanituma nimsalimie mama wa Ijumaa. Nikauliza mama gani. Akasema ni mtu wake.

Manyunyu ya kwanza yameanza.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Dirisha lisilofungika limelowesha kiti kinachoyumba. Nimehamia kwenye kiti cha Mkuu, hayupo.

Alhamisi, 21 Machi

Leo tulikuwa kwenye klasi. Kipimo kwenye programu yetu ni klasi, yaani kiwanda kidogo: ukikiita, kinakuzalia kipimo kimoja cha kufanyia kazi. Nikamweka kaimu wa kiwanda, nikamfundisha kujibu mita tatu na nusu, na programu ikapata jibu la ajabu ajabu lisilo namba wala herufi. Nimehangaika asubuhi nzima.

Bi Mkaguzi alipita na kikombe chake, akatazama bila kukaa. "Umemfundisha mama maneno, halafu aliyetumwa dukani ni mtoto." Akaenda zake. Nilielewa nilipokuwa nimeshamaliza kukasirika: kaimu wa klasi akiitwa anatoa kaimu mwingine, na huyo wa pili ndiye anayeongea na programu. Ndiye wa kufundishwa.

Ijumaa, 22 Machi

Bi Mkaguzi amekwenda mtoni na mwavuli. Moja nukta tisa.

Jumatatu, 25 Machi

Nilidhani majaribio yangu yamekamilika. Akaniuliza kaimu wangu ameshawahi kuumwa. Nikacheka, hakucheka.

Anataka kaimu afundishwe pia kushindwa: aulizwe asijibu, aulizwe atupe hitilafu, ajibu mara mbili kisha azimike. Na programu ikikutana na kipimo cha namna hiyo mara tatu mfululizo, isikae kimya. Ipige simu ya mtu wa zamu. Nikamuuliza ni hitilafu za aina gani tuzihesabu. Akasema zote. Kipimo kisichojibu ni kipimo kisichojibu, sababu itatafutwa baadaye.

Nimeandika majaribio kumi na manne ya ugonjwa. Nilinung'unika mpaka la tisa. Kuanzia la kumi nikaanza kuona raha yake, kwa sababu kila ugonjwa niliomwambukiza kaimu ulikuwa ni ugonjwa ambao mto unaweza kweli kutuletea.

Jumatano, 27 Machi

Goti limemshinda. Amepewa mapumziko ya wiki moja. Kabla ya kuondoka aliweka daftari jeusi mezani kwangu. "Ijumaa zamu ni yako, mdogo wangu. Usiiruke."

Alhamisi, 28 Machi

Kipimo kipya kimefika. Fundi amekifunga chini ya daraja, pembeni ya kile cha zamani, na Jumatano ijayo tutahamia hicho. Mafaili ya kuongea nacho yametoka kiwandani leo. Nimeyaweka, nikaendesha majaribio, na ukurasa mzima ukawa mwekundu.

Kanuni ya Bi Mkaguzi ni kwamba kaimu hatengenezwi hivi hivi. Anatengenezwa kwa kufuata umbo la mwenye kiti, kwa neno la autospec: kama mwenyewe hana jambo fulani, kaimu naye hana, na ukimwomba anakataa. Leo makaimu wote wamekataa. Nikaona ni usumbufu wa autospec, si mara ya kwanza kunitesa. Nikaifuta. Kaimu aliyebaki ni yule wa kawaida, asiye na umbo, anayekubali kila anachoombwa. Kijani tupu, majaribio elfu moja mia mbili na hamsini. Mvua inanyesha na nilitaka kuwahi nyumbani.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua kubwa tangu alfajiri. Sikwenda. Namba za kipimo cha zamani zilikuwa zinaonekana kwenye kompyuta, zikasoma mbili nukta mbili. Nimeweka alama ya vema.

Jumatatu, 1 Aprili

Mkuu ameidhinisha programu ya kipimo kipya. Bi Mkaguzi asipokuwepo, yeye huangalia vitu viwili tu: majaribio yawe kijani, na daftari liwe na vema. Vyote vipo.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Mbili nukta nne.

Jumatano, 3 Aprili

Naandika jioni.

Saa tano kamili asubuhi Fundi alizima kipimo cha zamani na mimi nikawasha programu mpya. Bi Mkaguzi alikuwa amerudi leo hii, na fimbo, siku moja kabla ya muda wake kwisha. Saa tano na robo simu ya zamu ikalia mezani kwangu: kipimo cha darajani hakijibu.

Nikasema ni waya. Nikampigia Fundi, alikuwa bado yuko pale chini ya daraja amejifunika turubai. Nikamwambia akague waya. Akasema waya ni mzima, kioo cha kipimo kinawaka, kinasoma mbili nukta saba na kinapanda. "Kipimo kinasema," akaniambia. "Nyie ndio hamsikii."

Bi Mkaguzi alikuwa ameshafika nyuma ya kiti changu. Akaniambia nifungue hitilafu niisome kwa sauti, yote, nisiruke. Nikasoma. Ilikuwa inasema kipimo hakina kitu kinachoitwa soma. Kiwandani walishabadilisha: kipimo kipya hakiulizwi kwa neno la zamani. Hicho ndicho makaimu walichokuwa wananiambia Alhamisi, wote kwa pamoja, nami nikawabadilisha kwa mtu anayeitikia kila kitu.

Nikamwambia. Niliifuta autospec, nikasema, mimi mwenyewe.

Aliegemeza fimbo mezani. "Hilo tutaliongea. Mto haujui kosa la nani."

Akachukua simu, akamwambia Fundi aache kioo na waya, asome namba za nguzoni kwa macho na kuzitaja kila baada ya dakika mbili. Akafungua ukurasa wa kuingiza kina kwa mkono. Huo ukurasa mimi niliwahi kuuita wa makumbusho. Una majaribio yake thelathini na kaimu wake, na hakuna hata mmoja aliyefutiwa umbo. Fundi akataja mbili nukta nane, yeye akaandika. Mbili nukta tisa, akaandika. Mimi pembeni nikairudisha autospec, ukurasa ukawa mwekundu, na safari hii niliusoma wekundu wenyewe mstari kwa mstari. Nilikuwa nawaza nyumba ya mwisho. Nilikuwa nawaza kelele za cherehani.

Saa tano na dakika hamsini Fundi akasema tatu na kitu. Bi Mkaguzi akabonyeza. Ujumbe mia tatu na kumi ukaondoka kwa kidole chake, nami nikasikia simu yake mwenyewe ikilia mfukoni, maana namba yake ipo hata kwenye orodha ya kweli.

Saa sita na dakika kumi nilimaliza kurekebisha. Kijani, programu ikawashwa, kipimo kikajibu chenyewe. Akaniambia, "Sasa nenda kwa shangazi yako." Sikumbuki kama nilijiuliza amejuaje.

Nimemkuta Shangazi kwenye baraza ya shule iliyoko juu, amekaa kwenye benchi la watoto, cherehani iko miguuni pake, kabebewa na jirani. Kikombe cha bati kiko mkononi na simu imo ndani. Akasema kikombe kililia wakati anamalizia pindo. Saa saba maji yaliingia kwake yakafika magotini. Hakuna mtu aliyeumia mtaa mzima. Sanamu limekwenda na maji.

Alhamisi, 4 Aprili

Mkuu amenisifu mbele ya watu kwa kurekebisha haraka. Nimetazama meza. Nikifikiria ni nini hasa kilichoita simu ya zamu jana, ni yale majaribio ya ugonjwa niliyoyanung'unikia mpaka la tisa. Bila hayo programu ingekaa kimya na sisi tungekunywa chai.

Sijasema habari ya daftari.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimekwenda mtoni. Mbili nukta tatu, nguzoni, kwenye kipimo na kwa kaimu. Niliporudi nikaweka daftari jeusi mbele ya Bi Mkaguzi, nikafungua wiki iliyopita, nikamwambia ile vema ni ya uongo. Nikachukua kalamu nyekundu niikate.

Akanishika mkono. "Usikate. Andika pembeni." Nikaandika: Sikwenda.

Kisha akarudisha kurasa nyuma, nyingi, mpaka karatasi zikaanza kuwa za manjano. Miaka tisa nyuma. Kwenye Ijumaa moja kulikuwa na vema, na pembeni yake, kwa mwandiko wake: Sikwenda. Jumamosi ya wiki ile mto uliingia bondeni na ujumbe haukutoka. Nyumba ya mwisho ilipoteza cherehani na vitambaa vya wateja kumi na wanane. Nilikuwa chuoni wakati ule. Shangazi aliniambia tu kwamba maji yalikuja ghafla.

"Ndiyo maana ya chai ninayokunywa kwa shangazi yako kila Ijumaa," akasema. "Nilikwenda kumwambia mwenyewe. Wewe umeshamwambia?"

Nimemheshimu huyu mama tangu siku ile ya simu arobaini na moja. Leo nimempenda.

Jumapili, 7 Aprili

Nimemkuta Shangazi anasugua tope ukutani. Sanamu limepatikana, lilinasa kwenye uzio wa jirani, limesimama mlangoni likikauka na matambara yake kiunoni. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: neno nililofuta, mvua ya Ijumaa, vema ya uongo, na kwamba aliyemwokoa ni mama wa Ijumaa, si mimi.

Aliendelea kusugua mpaka nilipomaliza. Kisha akaosha mikono, akaifuta taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Yeye alikuja siku ya pili," akasema. "Wewe umechukua nne." Akanipa tambara. "Haya, mwanangu, lishike hilo sanamu. Nataka kulipima upya, limevimba."

Ijumaa, 31 Mei

Mvua imekatika. Nimekwenda. Nguzo moja nukta moja, kipimo moja nukta moja, kaimu moja nukta moja. Nikapita kwa Shangazi. Bi Mkaguzi alikuwa ameshafika, fimbo yake imeegemea sanamu, na mezani vilikuwa vimepangwa vikombe vitatu.